Mkate Uliobaki Tashkent

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja Mkongomani anayetunza wazee kule Germantown, huku Marekani. "Kaka, mzee wetu amefariki," akasema, akakata. Ninyi mnaosoma safu hii mnajua nimehama kazi mara nyingi kuliko wengine wanavyohama nyumba. Mzee huyo nilimfahamu nilipokuwa naendesha gari la kupeleka wagonjwa kusafishwa damu. Kwao ni Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, na mimi niliyeacha shule mapema nilikuwa namwuliza maswali njia nzima.

Alikuwa kijana mpimaji wa ardhi wakati tetemeko lilipobomoa sehemu kubwa ya mji. Wajenzi walikuja kutoka kila pembe ya Muungano wa Kisovieti, wakaweka barabara pana, magorofa, na baadaye reli ya chini ya ardhi yenye vituo vilivyopambwa kama kumbi za harusi. Yeye alipewa kazi ya kutia alama ya chokaa kwenye nyumba za udongo zilizotakiwa kuondolewa. "Nyingine hazikuwa na ufa hata mmoja," aliniambia, "lakini barabara ilitakiwa inyooke." Baadaye nchi ikabadilika, sanamu zikashushwa, mitaa ikapewa majina mapya, naye akamfuata binti yake huku Marekani. Siku ya kuondoka mama yake alimpa mkate wa mviringo aung'ate mara moja. Kwao mkate wa msafiri hutundikwa ukutani mpaka arudi aumalize. Mama alikufa, nyumba ikabaki kwa mdogo wake, na kila akipiga simu aliambiwa mkate upo. Alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda kuumaliza.

Udadisi wangu ukaharibu. Tukisubiri zamu yake kliniki, nikafungua simu nikatafuta mtaa wao kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na jengo la vioo na maegesho makubwa, ungedhani ni Sterling ya huku kwetu Marekani. Nikamwonyesha bila kufikiri. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akautafuta mzabibu uliokuwa uani kwao, akanirudishia simu. "Na sisi tumetiwa chokaa," akasema. Jioni yule mama Mkongomani akanivaa: "Weye! Nani alikutuma? Mzee alikuwa anakaa bien, anakaa muzuri, unamuletea mapicha!"

"Si ni kweli, mama?"

"Kweli ni ya ndugu yake kusema. Weye ni shofere wa gari tu."

Tiketi mzee aliifuta, wala hakumpigia tena mdogo wake. Labda yule ndugu alipanga kumwambia ana kwa ana, amemshika mkono. Sitajua. Miji haikai ikimsubiri mtu, hilo nimelikubali, nami nimechoka kulipinga. Lakini ndugu alificha kwa kumpenda, mimi nikafichua kwa kutaka kujua tu. Siku hizi mtu akinisimulia habari za kwao, simu yangu inakaa mfukoni, namsikiliza mpaka amalize.