Mizunguko Sabini na Nane kwa Dakika

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa duka la redio na gramafoni pale Mbeya mjini alininyang'anya bisibisi. Nilikuwa nimetoka nyumbani Ilomba alfajiri, baridi inauma masikio, nimevaa shati la kuazima, na bisibisi mpya nimeichomeka mfukoni ili nionekane mtu wa kazi. Akaitia kwenye droo, akanionyesha stuli.

"Kaa hapo. Mtu akileta mashine, msikilize mpaka amalize kueleza. Halafu isikilize mashine. Bisibisi yako utapewa mwisho wa mwezi."

Nilinuna mwezi mzima. Lakini nilipopewa bisibisi yangu, nilikuwa naweza kufumba macho nikajua mpira gani umekauka na mota ipi imechoka. Huo ndio urithi alioniachia yule mzee, nami niliutupa mapema sana, kama mtakavyoona.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi: santuri ni sahani nyeusi yenye mfereji mwembamba uliojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati. Sindano hupita humo, sauti ikatoka. Kila santuri ina mwendo wake. Zile tulizouza sisi miaka ya sabini zilizunguka mara arobaini na tano kwa dakika, nyingine kubwa mara thelathini na tatu. Za zamani zaidi, nzito na rahisi kuvunjika, zilizunguka mara sabini na nane, na mashine nyingi mpya hazikuwa tena na mwendo huo.

Kutoka Mbeya nilipelekwa Rujewa, ambako vumbi la mashine za kukoboa mpunga liliingia hata ndani ya redio iliyofunikwa kitambaa. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Iringa, chini ya Msimamizi wa Tawi. Huyu alikuwa mtu wa haraka, suruali ina mkunjo kama wembe, na hakupenda kuona fundi amekaa.

"Kikiwaka kimepona," alikuwa akisema. "Toa hicho, lete kingine!"

Nilikuwa kijana, nilitaka kusifiwa. Nikaacha kusikiliza.

Siku moja mwalimu wa kwaya kutoka kigango kimoja njia ya Kalenga alileta gramafoni ya betri. Alisema wana santuri ya zamani, wimbo uliorekodiwa pale kijijini enzi za wamisionari, na wanataka kujifunza wauimbe siku ya kubariki kanisa jipya. Nilibadilisha mkanda wa mpira, nikaijaribu kwa santuri ya dukani, ikaimba vizuri. Santuri yake ilikuwa kwenye kikapu mbele yangu. Sikuiomba hata niione.

Zikapita wiki sita. Jumamosi moja, wiki moja kabla ya sherehe, alikuja bibi mmoja, kiasi cha miaka sitini, mkavu, ameshika fimbo ambayo hakuwa na haja nayo. Alikuwa ametembea tangu asubuhi.

"Kamwene," alisalimia kwa Kihehe. "Wewe ndiye fundi mtu wa ndizi?"

Watu wa Iringa walikuwa wakinitania hivyo kwa sababu asili yangu ni Unyakyusa, kwenye migomba. Nikaitikia kwamba ni mimi.

"Mimi Yustina. Mashine yako imenifanya mwongo."

Msimamizi alinikazia macho nirudi kwenye kazi. Sijui ni nini kilichonirudisha Mbeya kwenye ile stuli, lakini niliweka bisibisi chini, nikamvutia bibi kiti.

Alieleza taratibu. Wimbo ule waliuimba wanawake sita, yeye akiwa mwanzishaji. Wenzake watano walikwisha tangulia mbele ya haki, amebaki yeye tu. Sasa kwaya imeucheza, na kinachosikika ni sauti za wanaume, nzito, zinazoburuta. Mwalimu amewapa wanaume wimbo wake, wanauimba kama wanapeleka maiti. Yeye aliposema sivyo, walicheka. Mwalimu akamwambia kwa upole, mbele ya watu wote, "Bibi, umri huo. Santuri haisahau."

"Hata wajukuu wangu wananitazama hivi," alisema, akainamisha kichwa upande mmoja kwa huruma ya kuigiza. "Fundi, mimi nimesahau?"

Uso ulinichoma kwa aibu. Nikamuuliza kitu kimoja tu: ile santuri ilikuwa nyepesi au nzito?

"Nzito! Tuliletewa mbili. Moja ilianguka, ikavunjika kama sahani ya udongo."

Basi. Ilikuwa ya sabini na nane, nayo inachezwa kwa arobaini na tano. Santuri ikienda polepole, sauti hushuka, hata msichana akaunguruma kama babu yake.

Nilimwomba Msimamizi ruhusa ya kwenda kigangoni. "Ile mashine iliwaka au haikuwaka?" aliniuliza. Nikasema iliwaka. "Basi imepona." Nikamjibu kwamba haijapona, kosa ni langu, na nitakwenda kesho Jumapili ambayo ni siku yangu. Akasema nisisahau kurudisha vifaa.

Kesho yake kule kigangoni, baada ya ibada, kwaya nzima ilinizunguka. Nilifungua mashine. Ndani mna puli, kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda unaozungusha sahani. Puli ikinenepa, sahani huenda kasi. Nikaizungushia plasta ya kidonda, ukanda mwembamba, tabaka juu ya tabaka. Nikatia alama ya chaki ukingoni mwa sahani, mwalimu akashika saa, mimi nikahesabu alama inavyopita. Sitini na moja. Nikaongeza plasta. Sabini na mbili. Bibi Yustina alikuwa amekaa benchi la mbele. Nikaongeza tena kidogo. Sabini na nane. Kisha nikaweka sindano nene niliyokuja nayo, maana mfereji wa santuri za zamani ni mpana.

Nikashusha sindano. Ikakwaruza. Halafu sauti ya mwanamke kijana ikapanda juu, nyepesi, ina haraka na furaha, na nyingine tano zikaidaka.

Hakuna aliyecheka. Bibi Yustina alisimama, akaacha fimbo kwenye benchi, akaimba pamoja na sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, hata pale alipovuta pumzi. Mwalimu wa kwaya alivua kofia. Wimbo ulipokwisha alimwendea, akasema, "Mama, tufundishe." Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Bibi alikuwa na siku sita tu. Alichagua wanawake sita, akawafundisha, na Jumapili iliyofuata kanisa likabarikiwa kwa mwendo wake.

Kuanzia hapo, Msimamizi aliponikuta nimekaa na mteja, alipita tu. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi, Iringa na kisha Mbeya tena, mpaka santuri zikawa mapambo na mikono yangu ikaanza kutetemeka.

Sasa nimestaafu, nipo Ilomba. Mwezi uliopita binti yangu Tumpe aliniletea kopo la diski zangu za video za zamani, akisema deki ya DVD inazikataa, azitupe. Nikamwambia aketi kwanza. Diski ilizunguka, ikasita, ikazunguka tena: ilikuwa inatafuta, haioni. Nikaifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, nikaifuta na lenzi ya deki. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, inaruka. Kwenye mipangilio tukabadilisha mfumo wa rangi, ikatulia.

Ilikuwa sherehe nyingine, ya miaka ya baadaye, ya kigango kile kile cha njia ya Kalenga. Bibi Yustina alikuwa amekwisha fariki miaka mingi. Wanawake sita walijitokeza mbele, mmoja akaanzisha.

Tumpe akanyanyua rimoti. "Baba, hii bado mbovu. Mbona wanaimba mbio hivyo?"

Nikamshika mkono. "Iache, mwanangu. Mwendo wake ndio huo."