Kitambaa cha Mgeni

Harufu ya dizeli ndiyo iliyotutoa mbio shuleni siku ile. Dizeli, majani mabichi yaliyokatwa, na maua ya mikorosho, vyote kwa pamoja, maana magari ya watu wa gesi yalikuwa yamefungua njia katikati ya mashamba yetu, kusini kidogo ya Palma. Sisi watoto furaha ilitupanda kichwani. Helikopta tulizitambua kwa mlio kabla hazijaonekana, na kila mtu kijijini alikuwa na mipango yake: huyu atajenga kwa saruji, yule atapeleka mtoto kusoma Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Mimi nilitaka tu kushika vile vitambaa vyekundu walivyokuwa wakivifunga kwenye vijiti.

Gesi ilikuwa baharini, lakini kiwanda kingejengwa nchi kavu, papo hapo tulipowazika watu wetu. Ikatangazwa kwamba makaburi yatahamishwa. Kila kaburi lingefungwa kitambaa, mradi ajitokeze ndugu ataje jina la marehemu na undugu wao. Lisilo na ndugu lingebaki chini ya mitambo. Mpimaji wa watu wa gesi alikuwa kijana wa Maputo asiyejua Kiswahili, basi mwalimu wetu akawa mkalimani, na vitambaa nikapewa mimi nivibebe. Siku hiyo sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikuwa tukifagia makaburi, tukiyanyunyizia maji na kuwaita wafu wetu kwa majina katika dua. Moja lilikuwa peke yake, nje ya safu. Hilo Bibi, mama yake mama, alilifagia mwenyewe, kimya, bila kuita jina. Sisi watoto tuliliita kaburi la mgeni. Mpimaji alilipita. Mimi, kwa jinsi nilivyochangamka, nikalikimbilia nikalifunga kitambaa, na mwalimu akauliza ni la nani. Mjomba Amade, aliyekuwa akisalisha msikitini, akajibu upesi kwamba ni la mpita njia tu, nikifungue. Nikaanza kufungua. Bibi akanishika mkono.

"Mama, watu wanasikia," mjomba alisema kwa sauti ya chini.

"Na wasikie. Huyu ni bibi yangu. Alikamatwa bara, huko nyuma ya Pundanhar, akaletwa pwani kuuzwa. Hapa walimwita Faida. Kwao aliitwa Namkunda."

Kwetu jambo hilo halikusemwa. Kuitwa mjukuu wa mtumwa kulitosha kuvunja posa. Shuleni tuliwaimba mashujaa wa uhuru mpaka sauti zikakauka, lakini utumwa ulikuwa ukurasa mmoja wenye picha ya minyororo, utadhani uliwapata watu wa nchi nyingine. Vita vya baada ya uhuru havikupata hata ukurasa. Wakubwa walisema "wakati ule" kisha wakabadilisha mazungumzo. Sasa mtu alikuwa ametoka kwenye ile picha ya minyororo, na mtu huyo ni wangu.

Hapo jirani yetu Mzee Bakari akakohoa, akaonyesha matuta mawili ya udongo kando ya njia. Akasema aliwazika yeye mwenyewe wakati wa vita, mmoja askari wa serikali, mwingine wa msituni, na majina yao hakuwahi kuyajua. Mwalimu akamuuliza ndugu yao ni nani.

"Andikeni mimi," alisema.

Baada ya hapo sikupumzika. Huku naitwa, kule navutwa mkono, watu wakitaja wafu ambao sikuwahi kuwasikia katika dua yoyote. Vitambaa vikaniishia, mama mmoja akachana upindo wa kanga yake nyekundu. Mjomba alikuwa ameshaondoka kwa hasira, na kwa muda mrefu hakula chakula nyumbani kwa Bibi.

Sasa naishi Pemba. Vita vingine vilitukimbiza, na Bibi tulimzika ugenini. Kila sikukuu ya mashujaa, viongozi huweka maua uwanjani na kusoma majina, nami husikiliza mpaka mwisho nikijua wetu hawamo. Lakini binti yangu akiitwa darasani, watoto wa bara hugeuka wakamuuliza mtoto wa pwani amelipata wapi jina la kwao, naye huwasimulia yote, kwa sauti ya juu, bila haya. Anaitwa Namkunda. Siku ya kumpa jina nilikuwa nimechagua jingine. Ni Mjomba Amade aliyemchukua mikononi, akamwita hilo mbele ya watu wote.