Shubaka la Mama

Watoto wengine huwaonea wivu ndugu zao. Mimi nimezaliwa peke yangu, kwa hiyo wivu wangu wote umeishia kwa nyumba.

Ipo Mwera, nyumba ya wazee wa mama. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene hata utotoni nilikuwa nikilala dirishani. Vyumba ni vyembamba na virefu, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukutani mwa kila chumba mna shubaka, kijidirisha kisichotokea upande wa pili. La kitandani kwa mama ndimo inamokaa tasbihi yake.

Nikimpigia simu, habari ni za nyumba tu. "Ukuta wa huku watoka jasho." "Ile boriti ya ukumbini yalia." Siku niliyomwambia nina homa, alisema ninywe maji mengi, kisha akarudi kwenye chokaa. Niliumia, nikanuna wiki nzima.

Nikajenga Pongwe. Bati la msauzi, feni, marumaru, choo cha ndani, na chumba cha mama nikakipaka rangi mwenyewe. Wakati wa masika mama alipoteleza kwenye ngazi ya baraza kule Mwera nikapata sababu, nikamchukua. Majirani zangu wakamwambia mwanao kakuweka peponi. Akaitikia, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyekaribishwa chai asiyoitaka. Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa mama hata hicho kinyemi hakikuonekana.

Kila alfajiri nilimsikia akipapasa ukuta. Tasbihi ilikuwa juu ya meza ndogo niliyomnunulia, karibu kabisa na kichwa chake, lakini mkono ulikwenda ukutani, ukateleza kwenye rangi yangu.

Nikamwita fundi. "Nichimbie shubaka hapa."

Akagonga ukuta, akacheka. "Dada, hizi tofali za inchi sita. Nikichimba, mama atasalimiana na wapita njia."

Nilimfukuza kwa maneno makali, na kweli alikuwa amesema kweli.

Jumamosi nikamrudisha mama Mwera. Njia nzima nilingoja aseme neno juu ya nyumba yangu, hata aitukane. Alisinzia. Tulipofika aliingia chumbani mwake bila kuwasha taa. Mkono ukaenda moja kwa moja shubakani, akaiweka tasbihi, akashusha pumzi ambayo kwangu hakuishusha hata siku moja. Nikasimama na mkoba wake mkononi, roho inaniuma.

"Mwanangu," akaniita.

"Labeka, mama."

Nilimsogelea. Nilidhani sasa zamu yangu imefika.

"Ukitoka, uvute mlango taratibu. Kishindo chaangusha chokaa."

Nilitamani niubamize Mwera nzima isikie. Nikauvuta taratibu.