Saa Saba Kila Ijumaa

Mwanangu, hakuna aliyesoma hata neno moja la Biira, na bado walimjua. Naikumbuka Ijumaa ile aliponipigia simu kutoka Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, akasema kwa sauti ndogo kwamba bosi wake amemwekea mezani karatasi iliyoandikwa saa tu, bila neno jingine, kisha akamfukuza kazi.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami mwandishi mchanga wa redio hapa Kasese. Biira alitunza stoo ya dawa katika zahanati moja ya huko ambayo sitaitaja. Dawa zilivushwa mpakani, zikauzwa Kongo, huku wagonjwa wakirudi nyumbani mikono mitupu. Alinitumia picha za vitabu vya stoo kupitia mtandao unaoufunga ujumbe na kuuzungusha katika kompyuta za nchi nyingi, ili isijulikane nani anamwandikia nani. Nilimwambia asiogope. Hilo nililisema mimi.

Alituma kila Ijumaa saa saba, bosi akiwa ameshuka sokoni. Nami, kwa uroho wa ujana, nilikuwa nimeshakaa nikisubiri, nikapakua papo hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata: fundi wa intaneti ya zahanati ndiye aliyetunza ya redio yetu. Aliona mzigo ukitoka Bwera, na dakika hiyohiyo mzigo wa ukubwa uleule ukiingia Kasese. Ijumaa nne mfululizo. Simlaumu sana, bosi alimuuliza saa, akataja saa.

Nilimweleza bibi yangu, ambaye zamani alivusha kahawa ya magendo. Alicheka kwanza, kisha akanikemea.

"Mutoto yangu, askari hakufungua gunia yetu hata moja. Alisikiliza mbwa tu. Ya huku inalia, kisha ya ng'ambo inalia, basi, anajua iko mutu amevuka. Wewe na kompyuta yako mulifuga mbwa mbili."

Nikamuuliza wao walifanyaje.

"Gunia tulilaza kwa mutu ya katikati, siku mbili. Na siku zingine tulipita bila kitu, mbwa ichoke kulia."

Basi mwanangu, nawe unaingia kazi hii: kufunga mdomo wa gunia hakutoshi. Anayekuamini usimzoeshe saa ileile. Mzigo wake uache ulale kabla hujaugusa. Na kabla ya kumwambia asiogope, uliza ni nani anayeiona milango yote miwili. Mungu akujalie subira, na wanaokuamini wafike salama.

Biira alivuka mpaka pale Mpondwe siku ileile aliyofukuzwa, mtoto mgongoni, akienda kwa dada yake Beni, huko Kongo. Dada huyo bado hunipigia simu kuniuliza alipita njia gani.