Nyuki wa Ukutani na Vipepeo wa Mlimao

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa nimeolewa miezi mitatu tu, kijijini karibu na Kahama. Nilitaka kumpendeza mama mkwe, nikachota udongo nikandike upya ukuta wa jikoni.

Ukutani waliishi nyuki wadogo, wale weusi wasiouma, wanaoingilia kimrija chembamba cha nta. Walinikera. Ukipika wanaingia machoni, masikioni, wananasa nyweleni. Lakini vipepeo wa mlimao, weusi wenye madoa ya njano, hao niliwapenda, nikawatazama hadi ugali ukaungua. Basi nikauziba ule mrija, nikalainisha kwa kiganja.

Mama mkwe alirudi shambani akasimama mbele ya ukuta. Nyuki waliobaki nje walikuwa wakizunguka pale pale.

“Mayu,” akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, “nani kaziba hapa?”

“Mimi, mama. Walikuwa wananisumbua.”

Hakunifokea. Alichukua kijiti, akafukua taratibu. Kumbe, akanieleza, nyuki wale walihamishwa na marehemu mumewe kutoka msituni, miti ilipokatwa. Hakumwachia kingine cha kumkumbuka. Sikujua, mwanangu, kwa sababu sikuuliza. Nikalia.

Akanishika mkono hadi kwenye mlimao, akageuza tawi. Viwavi walikuwa wamelitafuna likabaki vijiti.

“Hawa ndio watoto wa kipepeo wako. Na haya maboga tunayokula, wale unaowaita wasumbufu wamepita ua kwa ua ndipo yakazaa.”

Nikanyoosha mkono niwaponde viwavi. Akanizuia.

“Waache. Mti utachipua. Leo umeshafunga mlango mmoja, inatosha.” Kisha akacheka kidogo. “Nami nilipoolewa nilipika mbegu zote alizohifadhi mkwe wangu za kupanda, nikidhani ni mboga.”

Siku ya tatu nyuki wakaanza mrija mpya. Tulikaa wawili tukiwatazama, na tangu hapo akaniita binti yake.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi kipepeo simtukani. Kila kiumbe na riziki yake. Ninachokuusia ni hiki: anayekupendeza usimpime kwa rangi, na anayekukera usimfukuze kabla hujauliza ana faida gani, na kwa nani. Kuuliza si ujinga. Na mgeni akikukosea nyumbani mwako, mfundishe bila kumvunja moyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo mpana, na wakwe wenye subira.