Tufe la Pete na Jua la Mama

Karatasi kuukuu ikilowa maji hutoa harufu ya ghala lililofungwa masika mazima: vumbi, gundi, na ukungu. Ndiyo harufu ya baba yangu. Wenzangu wa Unguja waliokulia London husema baba zao walinukia udi, au walinuka sigara, au walirudi na harufu ya kiwanda cha biskuti. Wangu alinuka vitabu vya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Alirudi nayo mtaani kwetu Kilburn kila jioni kwenye mikono ya koti lake, ikachanganyika na moshi wa hita ya mafuta ya taa iliyokaa katikati ya chumba chetu kimoja, ikaingia kwenye mashuka, kwenye mkate, kwenye nywele zangu. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la vitabu vikuukuu napunguza mwendo. Si kwamba naipenda harufu ile. Miguu tu haijasahau.

Kabla ya Mapinduzi baba alikuwa mchora ramani ofisini, mtu wa kalamu nyembamba na shati lililopigwa pasi. Baada ya Mapinduzi hakuwa na ofisi. Alikaa nyumbani akinoa penseli ambazo hakuwa na kazi nazo, watu wakichukuliwa mmoja mmoja mtaani kwetu, mpaka sikio langu lilipoanza kutoka usaha na daktari mmoja mwenye huruma akaandika kwamba natakiwa kutibiwa nje. Tuliruhusiwa wawili, mimi na baba. Mama alibakishwa ili iwe hakika kwamba tutarudi. Kila mtu mzima pale nyumbani alijua kwamba hatutarudi, na mama alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyemshikilia baba aende. Yeye angeomba ruhusa baadaye, polepole, kwa adabu, mpaka wachoke kumkatalia. Siku ya kuondoka alinifunga kilemba cha kuziba sikio, akaniinamia upande wa sikio zima. "Kila maghribi, adhana ikimaliza, nitakaa dirishani niombe dua tukutane," aliniambia. "Na wewe, Raya, huko uliko uitikie amina. Usiniache nikaomba peke yangu, mwanangu." Nilikuwa mtoto wa miaka minane. Nililichukua neno lile kama mtoto anavyochukua amri ya mama: mama ataachiliwa siku dua yake na amina yangu zitakapokutana, na zisipokutana hataachiliwa. Hakuna aliyenitoa katika imani hiyo, na ningalikasirika sana kama mtu angalijaribu.

Baba alipata kazi kwa mzee mmoja wa Kiingereza aliyeitwa Bwana Alcott, mwenye duka jembamba katika kichochoro karibu na jumba la makumbusho. Bwana Alcott alinunua vitabu vya kale vilivyochakaa, akavivunja, akauza picha zake moja moja kwa watu waliotaka kuzitundika ukutani. Kazi ya baba ilikuwa kuziosha zile kurasa katika sinia la maji, kuzikausha, kisha kuzitia rangi kwa brashi isiyozidi unene wa ukope. Jumamosi nilikwenda naye, nikaketi kwenye ngazi ya mbao nikitazama. Kurasa nyingi zilikuwa za aina mbili. Moja ni za elimu ya nyota, kutoka vitabu vya mwanzo kabisa vya kupiga chapa. Nyingine ni za ngao, alama za koo na wafalme, zile ambazo Waingereza hufurahi kuzitafuta ili wajue babu zao walikuwa watu gani. Na katika aina zote mbili kilijitokeza kitu kimoja ambacho nilikipenda kabla sijajua jina lake: tufe lisilo na nyama, limejengwa kwa pete tupu, pete ndani ya pete, na kijidunia kidogo kimeshikiliwa katikati. Baba alilitamkia jina refu la Kiarabu alilofunzwa na ami yake aliyekuwa mtu wa falaki, kisha akalifupisha kwa ajili yangu: tufe la pete.

Katika vitabu vya nyota tufe lile lilishikwa na mkono uliotokeza katika wingu, hauna bega wala mwenyewe. Nilimuuliza baba ni mkono wa nani. "Wa mchoraji," akanijibu bila kuinua macho. Katika ngao lilikaa la dhahabu juu ya rangi nyekundu au buluu, na baba alinieleza kwamba mfalme mmoja wa Wareno alilifanya alama yake, ndipo watu wake wakaja nalo mpaka pwani yetu kama vile wamekuja na hati ya kumiliki jua. Mabaharia matajiri nao wakaliomba liingie kwenye ngao zao, kuonyesha kwamba wameizunguka dunia. Baba alilipaka dhahabu kwa uangalifu mkubwa, pete baada ya pete. Siku moja nikamuuliza sisi ngao yetu ni ipi, maana na sisi tumezunguka dunia. Alisafisha brashi yake kwanza. "Yetu sisi ni paspoti," alisema, "na mama yako wamemnyima hata hiyo."

Tufe letu alilitengeneza majira ya vuli, baada ya mimi kumuuliza swali lililomnyima raha: sasa hivi jua la mama liko wapi? Saa yetu ya ukutani ilijua London tu. Mama Jasvinder, mwenye nyumba wetu, Kalasinga aliyetoka Kisumu na watoto watano na cherehani, alimpa baba fremu zake za mbao za mviringo za kutarizia. "Chukua yote, Bwana Khamis. Mimi hapana tarizi tena, macho nakataa." Baba alizifunga kwa waya, akifuata picha moja kubwa ambayo Bwana Alcott alimwazima. Dunia ilikuwa punje ya dengu, kwa kuwa ndicho kitu cha mviringo tulichokuwa nacho jikoni. Jua lilikuwa ushanga mwekundu uliofungwa kwa uzi kwenye pete moja iliyoinama, ndiyo njia ya jua ya mwaka mzima, na baba akausogeza kidogo kidogo kadiri siku zilivyokwenda. Juu ya pete hiyo aliandika majina ya buruji, yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua huyapitia, kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, mwandiko mzuri wa kalamu ya mwanzi: Hamali, Thaura, Jauza, na nyinginezo. Mhimili aliulaza karibu sambamba na meza, kwa sababu Unguja iko karibu na Ikweta. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha kama wiki zile. Aliimba akiwa anakata waya, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuimba.

Tangu hapo kila asubuhi alilizungusha tufe, akapiga hesabu zake, kisha akanichorea nyuma ya mkono uso wa saa wenye mishale miwili: hapo ndipo jua la mama litakapotua. Maghribi ya Unguja iliniangukia darasani, karibu na saa ya kutoka, mwalimu akitusomea hadithi. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama mkono wangu, na mishale ilipofanana nilifungua viganja chini ya dawati nikasema amina. Nilisema kwa midomo tu, kwa sababu mara ya kwanza niliposema kwa sauti watoto walicheka. Baridi ilikuja, theluji ikaja, giza likawa linaingia kabla hatujafika nyumbani, na mimi sikuwahi kukosa. Nilipougua nilisema kitandani. Jumamosi tulisema pamoja dukani, baba akiwa na brashi mkononi, na Bwana Alcott alifikiri ni desturi yetu kabla ya kunywa chai.

Januari, Bi Zuhura akaja. Alikuwa jirani yetu Unguja, mlango kwa mlango na mama, naye alikuwa amefanikiwa kuvuka hadi Dar es Salaam na kumfuata mwanawe London. Alikaa ukingoni mwa kitanda chetu bila kuvua koti, akanishika kidevu, akalia kwanza, ndipo akasema. Mama alikuwa mzima alipoachana naye. Mama alikaa dirishani kila maghribi na hakutaka kusemeshwa na mtu. "Akinambia, Bi Zuhura, mwanangu naisikia amina yake. Wallahi, hivyo hivyo akisema. Naisikia." Niliruka. Nilimwambia baba, umesikia, umesikia, na nikawa najiona nimeifanya kazi kubwa duniani. Bi Zuhura akaendelea kusimulia jinsi mama alivyokuwa akingoja, hasa siku hizi za Kaskazi, Desemba na Januari. "Na Kaskazi, si unajua, Bwana Khamis, jua huchelewa. Watoto wanatoka chuoni na bado kweupe. Basi yeye akianza kukaa pale mapema, akingoja adhana, akingoja."

Nilimwona baba akigeuka kulitazama tufe juu ya meza. Alinyanyuka, akaweka kidole juu ya pete ya njia ya jua, akaanza kusoma majina kwa midomo, Hamali, Thaura, Jauza, akakifuata kidole chake kulikokwenda. Kisha akakaa chini kama mtu aliyeambiwa akae. Katika ile picha ya Wazungu pete ilipanda upande wa kulia, na buruji zilifuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kama wao wanavyoandika. Baba aliipinda pete kama picha, lakini majina aliyaandika kama mkono wake ulivyofunzwa chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto. Jua letu likashuka pale lilipopaswa kupanda. Juni yote ilikaa mahali pa Desemba, na Desemba mahali pa Juni, wakati ambapo jua la Unguja hutua mapema. Majira yale yote ya baridi, wakati mama akingoja jua lake lichwe kwa kuchelewa, ushanga wetu mwekundu ulikuwa umekwisha kuzama. Amina yangu ilikuwa ikimtangulia. Niliitikia kila siku dua ambayo haijaombwa, na ilipoombwa mimi nilikuwa nafunga mkoba wangu kwenda nyumbani.

Bi Zuhura hakujua amevunja kitu gani, akamalizia habari aliyokuwa ameibakisha mwisho kwa huruma. Wiki ya mwisho kabla hajaondoka, mama aliitwa na kuambiwa asiombe ruhusa tena. Si kwamba asubiri, asiombe. Na tangu siku ile, alisema Bi Zuhura akiniangalia mimi na si baba, mama hakai tena dirishani. Ikifika maghribi hufunga dirisha, anakwenda kulala.

Alipokwisha kuondoka nilimuuliza baba: kwa hiyo hazikukutana? Alisema, "Mwenyezi Mungu hahitaji saa, mwanangu." Nikamuuliza, kama hahitaji, wewe ulitengenezea nini hili? Sikumuuliza kwa ubaya, nilitaka kujua. Alichukua wembe, akayakwangua majina yote kwenye ile pete, akayaandika upya kwa mwelekeo wa picha, mkono wake ukisita kwenye kila jina. Kesho yake alinichorea saa nyingine nyuma ya mkono, na ilikuwa sahihi. Ndiyo amina yangu ya kwanza kufika kwa wakati wake, na huko kwetu dirisha lilikuwa limefungwa.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Homa, tuliambiwa, na tuliambiwa akiwa amekwisha zikwa. Baba aliendelea kwa Bwana Alcott mpaka macho yalipomkatalia, akiwapakia watu wengine matufe ya dhahabu kwenye ngao zao, na kwa kadiri ninavyojua hakukosea hata moja. Letu aliliweka juu ya kabati na halikuzungushwa tena. Dengu ilitoboka kwa wadudu. Alipokufa nililichukua, nami sina sababu nzuri ya kulitunza ila kwamba siwezi kulitupa.

Sasa nakaa Lewisham, bibi wa wajukuu wanne wanaonisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Tufe la pete nalikuta kila mahali katika mji huu. Mpira ukichezwa, mikahawa ya Wareno hutundika bendera yao madirishani, na lile tufe la dhahabu limo katikati, nyuma ya ngao. Watu hupita na kahawa zao. Mimi husimama kwenye baridi kama mwendawazimu nikitafuta njia ya jua imeinamia upande gani. Na ndani ya mkoba wangu nina simu ambayo binti yangu aliitegea saa za sala za Unguja, baada ya mimi kumsimulia haya. Alidhani ananipa zawadi, na nilimshukuru. Simu haina mkono wa chuoni wala mkono wa Kizungu. Huijua Kaskazi na Kusi, hujua jua la mama linatua lini, na haikosei hata dakika moja. Kila alasiri hulia jikoni kwangu, nami nafungua viganja kwa mazoea, kisha navishusha. Mjukuu wangu mdogo huinua kichwa na kuuliza kwa Kiingereza nani anapiga simu. Namjibu kwa Kiswahili, naye hunielewa: hapana mtu.