Ua la Pembeni

Jirani yangu tulimwita Mama Sindano, maana alishona sare za shule mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Mikono yake ilijua kila kitu isipokuwa kutulia. Basi akanijia na habari kwamba tukajifunze kuchora maua, mimi na yeye, na mvi zetu hizi. Nilicheka, kisha nikaenda, kwa sababu nyumbani kazi yangu ilikuwa kuhesabu nyufa za dari.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza za plastiki, vikombe vya maji machafu, na vumbi la saruji likipanda kutoka chini. Mlangoni palibandikwa karatasi: Maua Mepesi kwa Wanaoanza. Mwalimu zamani alikuwa akichora mabango ya maduka, na somo lake lote lilikuwa maneno matatu: bonyeza brashi, geuza, inua. Hiyo ni petali. Zungusha petali, umepata ua.

Kasoro yake ni kwamba hakuweza kuona ua baya akalipita. Atakuomba umwazime brashi kidogo, na akikurudishia, ua si lako tena. Nasi tulifurahi, tuseme ukweli. Tulirudi nyumbani na picha nzuri, wageni wakatuvika vilemba vya ukoka, tukavivaa. Ukipita mtaani kwetu utakuta sebule tele zenye maua ya mkono mmoja.

Mama Sindano alimwachia mwalimu maua yote ya picha yake isipokuwa moja, jekundu, la pembeni. Hilo alilifunika kwa kiganja kila mwalimu alipokaribia, na alilirudia Jumamosi baada ya Jumamosi. Shingo ya ua hilo ilipinda na petali moja ilinenepa kuliko nyingine. Sitakudanganya, halikuwa zuri. Lakini lilikuwa lake. Aliniambia kwamba mwanawe akilisifu hilo moja tu, yeye hana deni tena na dunia.

Huyo mwana ni mkaguzi wa majengo. Anatafuta kasoro kwa mshahara, ila hakuanzia kazini. Tangu mdogo alikuwa akigeuza mashati aliyoshonewa nje ndani, anakagua mishono, anamwonyesha mama yake palipopinda. Alipoanza kujitegemea alinunua ya dukani, yale ya mama yakawa matambara ya kufutia viatu. Hakuwahi kumsifia hata kifungo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mama, mwana huyu hakuwahi kuuliza.

Alipohamia nyumba mpya tulimpelekea picha. Aliishika mbali na uso, akaiinamisha huku na huku, vile anavyokagua ukuta. Kisha uso wake ukalegea.

"Mama, mkono huu ulikuwa umeuficha wapi siku zote?"

Kidole chake kilikuwa juu ya maua ya mwalimu. Mama Sindano alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Kidole kikatembea, kikafika pembeni, kikasimama. Mwana akauliza ni nani ameharibu hapa. Mkewe akachungulia, akasema pengine kuna mtoto wa mtu aliachiwa brashi, na wote wawili wakacheka.

Nilifungua mdomo. Mama Sindano akanikanyaga chini ya meza, kwa kisigino.

"Ni mwenzangu mmoja darasani," akasema. "Aliomba ajaribu."

"Usimwachie tena mtu picha yako, mama. Wewe una kipaji."

Tulipotoka nilikuwa na hasira njia nzima. Nilimwambia arudi akaseme ukweli, kwani mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Akanijibu kwamba neno jema kutoka kinywa kile amelingoja tangu kikiwa hakina meno, na hawezi kulikataa leo kwa sababu limeangukia ua la jirani. Isitoshe, akasema, ua lake litakaa ukutani kwa mwanawe. Atalitazama kila siku, atalizoea, na ipo siku litampendeza. Nikamwacha na imani yake. Tonge likishafika kinywani mwa mwenzio huliondoi.

Baada ya wiki kadhaa tulialikwa chakula. Picha ilikuwa juu ya televisheni, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Mama Sindano aliiendea kabla hata ya kumsalimia mkwe. Akatazama pembeni. Akasogea karibu zaidi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa fremu kutoka juu hadi chini, kisha akarudia. Maua ya mwalimu yalikuwapo yote.

Mwana akaja nyuma yake, akamwekea mkono begani. Alifanya hivyo kwa upendo, na hilo ndilo siwezi kumsamehe.

"Nilimwambia fundi wa fremu akikate kile kipande kilichoharibika," akasema. "Sasa picha yote ni yako mwenyewe, mama."

Mama Sindano alisema asante, mwanangu. Tukala. Mkwe akaeleza kuwa ukuta wa chumbani nao uko mtupu, akaomba picha nyingine kama ile, kubwa zaidi, na mama akaahidi.

Jumamosi iliyofuata alimkabidhi mwalimu karatasi ikiwa nyeupe, akakaa kumsubiri amalize.